Amplifaya ya hedifoni: ya bei mbaya inasikika vizuri zaidi kweli?

Besi_Nzito:
Wakuu, habari za jioni. Natumia hedifoni ya Beyerdynamic DT 770 Pro ya omu 250 (kipimo cha ukinzani wa umeme), nachomeka moja kwa moja kwenye laptopu. Bongo fleva inatosha, ila muziki wa okestra na taarabu za zamani zilizorekodiwa chini, nafika 100% na bado hautoshi. Nimeona amplifaya ya JDS Labs Atom, kama dola 100, na nyingine ya dola 900. Muuzaji wa hiyo ya pili anasema besi inakaza na vyombo vinaachana. Ni kweli au maneno ya dukani?

FundiMawimbi:
Mkuu, piga hesabu kwanza. Beyerdynamic wanasema hedifoni hiyo inatoa 96 dB (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa miliwati 1. Kwa omu 250, miliwati 1 ni volti 0.5. Ukizidisha volti mara mbili unaongeza dB 6, kwa hiyo volti 1 inakupa 102 na volti 2 inakupa 108. Vilele, yaani pale muziki unapopanda juu kabisa, vya dB 110 vinataka volti 2.5, mkondo wa miliampea 10. Basi.

Soketi nyingi za laptopu huishia volti 1 hivi. Kwa bongo fleva iliyobanwa, yaani sauti ndogo na kubwa zimekaribiana, haina shida. Okestra wastani wake unaweza kuwa dB 20 chini ya vilele, ndiyo maana unaishiwa. Atom inamaliza kazi hiyo bila jasho. Nguvu ya ziada kwenye ile ya dola 900 hutaigusa, labda uwe umechoka na masikio yako.

Kingine ni ukinzani wa ampu yenyewe upande wa kutoa. Uwe chini ya moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni. Chukua Sennheiser HD 600: ni omu 300 kwa jina, lakini karibu na Hz 100 inapanda hadi kama 500. Ichomeke kwenye ampu ya vali (ile ya mirija ya kioo) yenye omu 100 upande wa kutoa na besi itanyanyuka karibu dB 1. Hapo ndipo watu husema ampu "ina joto". Wanasikia kitu cha kweli, ila ikwalaiza (programu ya kupandisha au kushusha besi) inakupa hicho hicho bure.

Besi_Nzito:
Asante mkuu. Lakini dukani nilizisikiliza zote mbili, tofauti ilikuwa wazi kabisa.

FundiMawimbi:
Ukubwa wa sauti ulisawazishwa kwa multimita au kwa sikio? Ampu iliyozidi dB 1 tu huisikii kama sauti kubwa zaidi, unaisikia kama "safi zaidi". Wauzaji wanalijua hilo vizuri sana.

Fanya hivi: vua hedifoni lakini iache imechomekwa kupitia kigawanyi (cha kutoa jeki mbili kwenye moja), cheza toni ya Hz 50, weka multimita kwenye volti za AC, pima kati ya ncha na shina la jeki ya pili. Usitumie toni ya Hz 1000, multimita za bei rahisi hudanganya huko juu. Ampu ya kwanza ikisoma 0.500, ya pili iwe kati ya 0.495 na 0.505. Kisha mtu mwingine abadilishe waya bila wewe kuona, mara 16. Ukipatia 12 au zaidi, tuzungumze. Kubahatisha tu kunafikisha hapo chini ya mara 4 kwa 100.

Omu_Tatu:
Naongeza upande wa pili, maana pesa kuna mahali inafanya kazi. HIFIMAN HE6 ni omu 50 na 83.5 dB tu kwa miliwati 1. Vilele vya 115 vinataka wati 1.4, na hapo ampu ndogo nyingi zinaanza kukwaruza. Na kwa iafoni nyepesi za kuziba sikio, kitasa cha sauti cha bei rahisi kikiwa chini kabisa hupendelea sikio moja, na geini kubwa (kiasi ambacho ampu inakuza sauti) inaleta shshsh. Weka geini ya chini kwanza kabla ya kulaumu ampu.

Ukiagiza Atom Marekani, hakikisha adapta ni ya volti 230. Ya 120 ukiichomeka ukutani kwetu inaungua. Halafu inatoa AC, siyo DC: ampu inatengeneza chanya na hasi kutoka kwenye mawimbi hayo. Usijaribu kuweka adapta ya ruta eti kwa sababu pini inaingia.