Mtoto wa miaka 4 anasema "samahani" kisha anarudia kosa: nifanyeje?

Mama wa wawili:
Habari zenu wazazi na walimu. Binti yangu wa miaka 4 nimemzoesha tangu mdogo kuomba radhi kila anapomkosea mwenzake. Siku hizi humpokonya mdogo wake mdoli, akatamka "samahani" huku ameshageuka kwenda zake, na baada ya dakika chache akarudia yale yale. Nikimkanya, hunijibu kwamba ameshaomba samahani. Nilianza kumbandikia nyota kwenye karatasi kila siku inayopita bila ugomvi, lakini juzi nilimsikia akimwuliza baba yake atapata nyota ngapi akimpa mdogo wake mpira, nami nikaingiwa na wasiwasi. Je, katika umri huu huruma yenyewe inafundishika, au tunawakaririsha maneno tu?

Mwalimu wa chekechea:
Pole, dada. Binti yako hana roho mbaya. Ameelewa barabara alichofundishwa, kwamba neno likishatamkwa shauri limekwisha. Darasani kwangu nimeacha kuanza na "omba radhi". Huchuchumaa nikawa kimo chao, nikamwambia aliyekosa amtazame mwenzake usoni na aniambie anaona nini, kisha tukatafuta pamoja cha kufanya ili mwenzake apate nafuu: aliyebomoa nyumba ya vibao husaidia kuijenga upya, na aliyemwaga rangi hushika kitambaa. Radhi huja baadaye, mara nyingi bila kuagizwa. Kazi hii inachosha, na zipo siku ambazo darasa zima hutungoja. Ikiwa mtoto bado anatetemeka kwa hasira, mwache kwanza atulie, kwa maana wakati huo hasikii lolote. Mpe pia majina ya hisia, kama vile huzuni, woga, wivu na aibu, kwa sababu mtoto asiyeweza kuitaja hasira yake huisema kwa mikono.

Baba mlezi:
Naomba niongezee kuhusu nyota. Mwaka 2006 watafiti Felix Warneken na Michael Tomasello walionyesha kwamba watoto wa miezi 18 humwokotea mtu mzima kitu kilichomponyoka, bila ahadi ya malipo. Mwaka 2008 wakaonyesha kwamba watoto wa miezi 20 waliozawadiwa kwa kusaidia baadaye walisaidia mara chache kuliko wale ambao hawakupewa kitu. Tumezoea kusema samaki mkunje angali mbichi, kana kwamba wema wote hutoka mikononi mwetu, ilhali mtoto anakuja nao kiasi, na zawadi zetu zinaweza kuufifisha. Mimi binafsi kilichonisaidia zaidi ni kumwomba radhi mwanangu siku niliyomfokea kwa kosa ambalo hakulitenda. Nilimweleza nilichokosea, nikakaa naye hadi akaacha kulia. Wiki hiyo hiyo nilimkuta ameketi vivyo hivyo kando ya dada yake.

Mama wa wawili:
Nawashukuru sana. Mwalimu, nyota hizo nizibandue leo hii? Amebakiza nafasi 3 karatasi ijae.

Mwalimu wa chekechea:
Hapana, mwache aijaze, kwa kuwa ulimwahidi. Ikijaa, usianzishe nyingine, na siku atakapompa mdogo wake mpira, mwonyeshe tu jinsi mdogo wake alivyofurahi.