Besi ya reggae ya zamani: sauti inavuma tu, noti hazisikiki

Mpigabesi, Kondele
Wazee, nataka ile besi nene na fupi ya reggae ya miaka ya 1970. Nina gita la besi aina ya Jazz Bass, nyuzi mpya za kawaida na spika ya inchi 15. Nikiongeza besi kwenye amplifaya, ukumbi unavuma na noti zinapotea. Nianzie wapi?

Nyuzi Nne, Nakuru
Anza na nyuzi, ndugu. Aston Barrett, mpigabesi wa The Wailers ya Bob Marley, alipiga Jazz Bass yenye nyuzi bapa, zile zisizokwaruza kidole. Funga kitufe cha toni kabisa, pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya shingoni ijae, ya nyuma iwe sifuri. Pikapu moja ikibaki peke yake hunguruma kidogo. Ni kawaida ya gita hilo. Piga kwa nyama ya kidole pale shingo inapoishia. Karibu na briji, pale nyuzi zinaposhikiliwa mwilini mwa gita, sauti hukauka, na hapo hakuna kitufe kitakachoiokoa.

Fundi wa Sauti, Kisumu
Nyuzi bapa ni ghali. Kwa sasa kata kipande cha sponji, kipachike chini ya nyuzi mbele ya briji. Kiguse tu; kikisukuma nyuzi juu, noti hufa na hupanda juu ya tuni yake.

Mvumo usiutibu kwa kuongeza besi! Ondoa spika konani, kwenye ikwalaiza kata sauti zilizo chini ya Hz 40 (mitetemo 40 kwa sekunde; uzi mnene kabisa, E, ni Hz 41), punguza desibeli 3 karibu na Hz 200.

Nyuzi Nne, Nakuru
Na ukate noti kwa mkono wa kushoto. Ukimya baina ya noti ni nusu ya sauti hiyo.