Betri ya IST inakufa gari ikilala siku tatu nne, na betri ni mpya. Nianzie wapi?

Mtoto wa Shangani

Habari za humu wakuu. Niko Mtwara mjini, gari ni IST ya 2004, injini 1NZ. Nikitembea nayo kila siku haina neno, inawaka freshi kabisa, ila ikilala siku tatu au nne bila kuguswa ukigeuza ufunguo unasikia ta-ta-ta-ta tu na taa za dashbodi zinafifia. Msimu huu wa korosho nashinda sana Tandahimba shambani kwa wazee, kule naenda na magari ya abiria, kwahiyo gari inabaki nyumbani mpaka wiki. Nikirudi ni kuzunguka mtaani kutafuta mtu wa kunibusti.

Betri ni NS60 mpya, fundi wa kwanza alisema ile ya zamani imechoka, tukabadilisha, mpya nayo ikalala vilevile. Fundi wa pili anasema ni alternata ninunue nyingine. Kabla sijatoa hela naombeni ushauri wenu. Baada ya kununua gari ilifungwa redio ya skrini na alamu. Mita ndogo ya kidijitali ninayo.

Fundi Umeme Kusini

Pole sana mkuu. Usinunue alternata. Wala betri nyingine usinunue kwanza, mpaka upime. Hapa mtaani watu wanabadilishiwa vitu kwa kukisia na inaniuma kwakweli, maana mita ipo na kazi yenyewe haimalizi asubuhi moja.

Anza na vipimo vyepesi. Weka mita kwenye volti DC, gari iwe imezimwa tangu usiku, pima kwenye vichwa vya betri. Iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo, 12.2 ujue imebaki kama nusu, ikishuka chini ya 12 hiyo imeisha. Halafu washa gari (ibusti kama ni lazima) upime tena ikiwa inaunguruma, ikikupa kati ya 13.8 na 14.5 alternata inachaji. Kwa unavyoeleza, gari inayotembea kila siku bila shida, nina uhakika utakuta inachaji. Kwahiyo kinachobaki ni umeme unaovuja gari ikiwa imelala.

Sasa kipimo chenyewe. Zima kila kitu, fungua boneti, shusha kioo cha dereva ili usije ukajifungia nje, funga milango. Legeza waya wa hasi kwa spana namba 10, utoe. Kwenye mita hamisha waya mwekundu uende kwenye tundu la 10A, weka ampea DC, ncha moja ishike kichwa cha hasi cha betri na nyingine ishike ule waya uliotoa. Umeme wote unaotoka sasa unapitia kwenye mita. HAPO USIWASHE GARI wala usigeuze ufunguo, starta inavuta ampea nyingi mno, fyuzi ya mita inakatika hapohapo.

Usisome namba ya kwanza ukakimbilia kutangaza shoti. Ukiunganisha tu, kompyuta za gari, alamu, redio, vyote vinaamka vinavuta. Acha nusu saa, hata dakika 40, usiguse mlango. Baada ya hapo gari nzima inatakiwa isome chini ya 0.05, yani mili-ampea 50. Ukikuta 0.3, 0.5, kuna kitu hakilali. Njoo na namba tuendelee.

Mama Tausi

Kaka mi nina Passo, kila nikisafiri natoa waya wa hasi basi, nikirudi naurudisha inawaka. Kwanini ujisumbue na mita?

Fundi Umeme Kusini

Dada inasaidia kwa safari ya ghafla, sikatai. Ila alamu inakuwa haifanyi kazi, saa na stesheni za redio zinafutika, na gari nyingine ukirudisha waya sailensa (muungurumo wa injini gari ikiwa imesimama) inahangaika kidogo mpaka kompyuta ijifunze upya. Na kikubwa, kile kinachovuta bado kipo. Kama ni waya unaogusa bodi mahali unapata joto kila siku, hilo si jambo la kuliacha.

Mikindani Boy

Mwenye mada naongezea moja la huku kwetu pwani. Angalia juu ya betri na kwenye vichwa, chumvi ya bahari ikichanganyika na vumbi na ule unga wa kijani au mweupe inatengeneza njia ya umeme juu ya plastiki. Kupima ni rahisi, mita kwenye volti, ncha nyeusi kwenye kichwa cha hasi, nyekundu iburute juu ya plastiki ya betri, kama mita inasoma volti hapo pana uchafu unaovujisha. Osha kwa maji ya moto na brashi, vifuniko viwe vimefungwa, kausha, kwangua vichwa ving'ae, paka grisi. Hiyo peke yake haiwezi kuua betri mpya kwa siku tatu lakini gari za Shangani zinazokaa upepo wa bahari nimeziona, acheni tu.

Pia joto letu linazeesha betri haraka kuliko za watu wa Njombe, msishangae.

Mtoto wa Shangani

Wakuu nimerudi na majibu. Imezimwa betri 12.1, inaunguruma 14.2. Ampea ilianza juu ya 2 nikashtuka, nikaacha kama fundi alivyosema, ikashuka ikaganda kwenye 0.41 na haikusogea tena. Juu ya betri ni safi, mita haikusoma kitu.

Fundi Umeme Kusini

Safi sana, hapo ndipo mwizi alipo. Piga hesabu, 0.41 mara saa 24 ni karibu ampea-saa 10 kwa siku. NS60 yako ina kama 45 ikiwa imejaa, siku tatu zimeondoka 30, kinachobaki hakitoshi kuzungusha starta. Ndo ile siku tatu nne uliyosema mwenyewe. Alternata hiyo ingebadilishwa mkuu, hela ingekwenda na betri ingelala tena.

Sasa mita ikiwa palepale, chomoa fyuzi mojamoja, anza na box la kwenye boneti halafu la ndani. Kwa la ndani mlango utakuwa wazi, kwahiyo kabla hujaanza funga kitasa cha mlango kwa bisibisi, lile koleo linaloshika, ili gari ijue mlango umefungwa na taa ya ndani izime, halafu ngoja tena ilale. Kila fyuzi unayotoa tazama mita. Ile ambayo ukitoa namba inaporomoka, hiyo ndo njia yake, soma kifuniko ujue inalisha nini. Usianze na kutoa kumi kwa mpigo, utapoteza mwelekeo.

Ila nikutajie ninapopashuku: redio ya skrini.

Mtoto wa Shangani

Fundi Mungu akubariki. Fyuzi za kwenye boneti, nilivyotoa ya DOME namba ikaanguka kutoka 0.41 mpaka 0.03. Kifuniko cha hiyo fyuzi kinataja taa ya ndani na redio. Nikairudisha, nikachomoa redio yenyewe nyuma ya dashbodi, ikashuka vilevile 0.03. Nilivyovuta nyaya nje nikakuta waya wa njano na mwekundu wa redio zimesokotwa pamoja, zimeviringishwa solotepu nyeusi, zote zinakwenda kwenye waya mmoja wa gari. Skrini inazima ukizima gari lakini kumbe ndani bado iko macho?

Fundi Umeme Kusini

Ndiyo. Njano ni ya kumbukumbu, inatakiwa umeme muda wote na inavuta kidogo sana. Nyekundu ndo inayoiambia redio gari imewashwa, inatakiwa ipate umeme ufunguo ukifika ACC (hatua ya kwanza, kabla ya kuwasha injini) na kuendelea, si ukiwa umezima. Aliyefunga hakutafuta waya wa ACC, akaziunganisha zote kwenye wa moja kwa moja, redio haipati ruhusa ya kulala kabisa. Kwenye soketi ya redio tafuta waya unaosoma 12 ufunguo ukiwa ACC na sifuri ukizima, nyekundu peleka hapo, weka kiungo cha kubana au solda, si solotepu tupu. Ukimaliza rudia kipimo.

Na hiyo betri ipeleke ikachajiwe kwa chaja taratibu, ampea 4 au 5 usiku kucha. Mwendo wa Shangani mpaka sokoni na kurudi haujazi betri iliyokauka, na kila ikikauka hivyo inapoteza uwezo ambao haurudi.

Noah ya Lindi

Samahani kudandia uzi, mi niko Lindi, Noah, nimefanya hivihivi, mita inasoma 0.35 na nimetoa fyuzi zote ndogo haishuki hata kidogo. Nimepagawa.

Fundi Umeme Kusini

Kesi yako ni tofauti na ya mwenzio, kwako ndo alternata inaweza kuhusika. Ule waya mnene unaotoka alternata kwenda betri haupiti kwenye fyuzi ndogo ulizotoa. Diodi ya ndani (kile kinachoruhusu umeme uende upande mmoja tu) ikiharibika umeme unarudi nyuma gari ikiwa imezimwa, na inaweza ikawa bado inachaji 14 kama kawaida, ndo maana inawadanganya wengi. Asubuhi kabla hujawasha weka kiganja kwenye bodi ya alternata, kama ina uvuguvugu na gari imelala usiku mzima, jibu umepata. Kama ni ya baridi usiishie hapo, toa waya wa hasi wa betri kwanza, fungua nati ya ule waya mnene, ncha yake izibe vizuri isiguse bodi, halafu rudisha mita. Ikishuka chini ya 0.05 peleka alternata ifunguliwe wabadilishe diodi, si lazima ununue nzima. Isiposhuka fuata waya wa starta, halafu leta namba hapa.