Ukinzani wa balbu: hesabu inatoa omu 535, mita inasoma 40

Swali
Ndugu zangu, naomba ufafanuzi. Balbu yangu ya uzi, ya wati 100, ilipowaka kwenye volti 230 ilipitisha mkondo wa ampea 0.43, nami nikigawanya volti kwa ampea napata ukinzani wa omu 535 hivi. Hata hivyo, nilipoichomoa na kuiacha ipoe, mita ilisoma omu 40 tu. Nitumie ipi kutafuta wati?

Jibu
Zote mbili ni sahihi, ndugu yangu, ila ni za hali tofauti. Uzi wa tungsteni ukiwaka hufikia nyuzi joto 2,500 hivi za Selsiasi, na ukinzani wake hupanda zaidi ya mara kumi. Zidisha volti na ampea zilizopimwa kwa wakati mmoja: 230 × 0.43 ni wati 99. Ukitumia omu 40 utapata ampea 5.75 na wati zaidi ya 1,300, kiasi ambacho hupita kwa kitambo kidogo mno unapobonyeza swichi, na ndiyo maana balbu nyingi huungua wakati wa kuwashwa.

Jibu
Koili ya jiko, ambayo ni ya nikromu (mchanganyiko wa nikeli na kromu), ukinzani wake haubadiliki sana. Umeme ukishuka hadi volti 200, wati zake hubaki takriban robo tatu.

Jibu
Tahadhari kwa feni na friji: katika mota, volti na mkondo havifiki kilele kwa pamoja, hivyo ukizidisha volti na ampea utapata jibu linalozidi wati halisi.