Naombeni ushauri: utabiri gani wa mvua niuamini kwa safari ya pikipiki Kibaha–Iringa?

Kijana wa Maili Moja: Wakuu, habari za jioni. Jumamosi natoka Kibaha kwenda Iringa na Boxer. Programu moja ya simu inaniandikia mvua asilimia 60 kila siku, nyingine inachora jua. Usingizi sipati. Niamini ipi? Mimi kuloa si shida, koti ninalo.

Mzee wa Klachi: Mwezi wa nne unauliza kama kuna mvua? Panda basi.

fundi_redio: Mkuu, hiyo 60 ni uwezekano wa mvua kunyesha, sio kwamba itanyesha siku nzima. Halafu ukiandika "Iringa" unaletewa Iringa mjini tu, wakati wewe unapita Chalinze, Moro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, mlima Kitonga. Angalia kila pahali kwa saa utakayopita. Ingia Windy, tovuti ya hali ya hewa, linganisha mifumo miwili ya kompyuta inayotabiri: ECMWF ya Ulaya na GFS ya Wamarekani. Zikikubaliana una pa kushika. Zikigombana, ujue hakuna anayejua. Ukikuta saa za UTC, zile za kimataifa, ongeza 3, yaani 12 yao ni saa 9 alasiri yetu. Soma na taarifa za TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, hasa wakitoa tahadhari. Asubuhi ya safari tazama picha za setilaiti, mawingu yenyewe yako wapi.

Binti wa Ilula: Huku kwetu mvua nyingi huja mchana, jua likishachoma. Marehemu bibi hakuwa na simu. Akiona siafu wanahama anatupigia kelele tuanue mahindi, na mara nyingi alipatia. Siku aliyokosea tulianua gunia tatu bure, akasema siafu wamedanganya.

fundi_redio: Mleta uzi, koti unalo, kuloa si shida, sasa usingizi unakosa kwa nini? Umebeba nini?

Kijana wa Maili Moja: Vifaranga. 200, wa siku moja.

Mzee wa Klachi: 😂😂😂

Kijana wa Maili Moja: Chekeni tu, nimeshalipa. Mara ya mwisho nilituma kwa basi, wakatupwa kwenye buti, nikapokea 31 wazima. Na kifaranga anakaa hata siku 2 bila kula, kiini cha yai bado kiko tumboni. Nikijua mvua ilipo nafika.

Mama Mfugaji: Mwanangu, unaogopa mvua wakati adui yako ni upepo. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Hapo Kitonga, na mwendo wa pikipiki, hata pasidondoke tone watakufa kwa baridi. Ukiwafunika turubai wanakosa hewa.

Kijana wa Maili Moja: Turubai nimelitoboa, mama.

Mtumishi: Hata kuku ana Muumba wake.

Jicho la Tatu: Subirini kwanza. Mwezi wa pili huyuhuyu alifungua uzi anauza hiyo Boxer. Leo inabeba kuku 200 mpaka Iringa? Hii chai wakuu, tena ya Mufindi.

Mzee wa Klachi: Nilijua! Weka picha ya maboksi.

Kijana wa Maili Moja: Mteja alikuja na laki tatu, nikamfukuza. Na vifaranga wanatotolewa Ijumaa usiku, nipige picha ya nini, mayai?

Jicho la Tatu: Piga ya Boxer basi.

fundi_redio: Chai au si chai, nimeangalia. ECMWF na GFS zote zinaweka mvua Mikumi Jumamosi kuanzia saa 8 mchana. Ondoka saa 10 alfajiri, utakuwa umeshapita.

Kijana wa Maili Moja: Nakabidhiwa saa 3 asubuhi.

Binti wa Ilula: Saa 3?! Si unafika Kitonga saa 10 jioni, mvua imeshakusubiri? Hilo ulikuwa unalificha la nini?

Kijana wa Maili Moja: Hamkuniuliza.

Mama Mfugaji: Njoo inbox nikuelekeze mtu mwenye gari la Noah anayepanda Iringa. Usimwambie ni wangapi.

Mzee wa Klachi: Ni chotara wa Kuroiler au aina nyingine? Mmoja bei gani?