Hizi orodha za "maneno 100 magumu ya Kiingereza" zikome, zinapotosha watu

Wakuu, imetosha. Kila siku lazima atokee mtu abandike orodha ya maneno mazito, kila moja na tafsiri ya neno moja mbele yake, halafu chini watu wanamiminika "asante mkuu, nimejifunza". Umejifunza nini?

"Notorious = maarufu". Anayekariri hivyo ataandika kwenye barua ya kuomba kazi kwamba ana hamu ya kujiunga na "your notorious company", kumbe kawaambia wanajulikana kwa ubaya. "Condone = kusamehe". Wapi! Ni kulifumbia macho kosa liendelee. Na hili la "mitigate against" limezagaa hadi kwenye tasnifu. "Mitigate" (kupunguza makali) halitaki "against": sema "mitigate the risk". Linalotaka "against" ni "militate", na maana yake ni kukwamisha.

Matamshi ndiyo hayagusiwi kabisa. Kiswahili kimetuzoesha kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, basi "hyperbole" linageuka haipa-BO-li. Mkazo wake uko silabi ya pili kutoka mwanzo: hai-PA-ba-li. "Epitome" vivyo hivyo, i-PI-ta-mi.

Halafu nani kawaambia mpange kwa alfabeti? "Adverse" (-enye madhara) na "averse" (-siopenda jambo) yanakaa jirani, na ukiyakariri siku moja yanagongana kichwani, hutajua lipi ni lipi. La kwanza likae kwanza, la pili lifuate hata wiki mbili baadaye.

Mnaotaka orodha, ipo ya mtafiti wa lugha Averil Coxhead ya mwaka 2000: familia 570 za maneno (yaani neno pamoja na maumbo yake yanayotokana nalo), zilizochaguliwa kwa sababu zinajirudia kwenye maandishi ya kitaaluma ya fani nyingi, siyo kwa sababu zinatisha. "Sesquipedalian" (-a maneno marefu mno) halimo, na hamtalihitaji.

Kukariri kwenyewe fanya kwa kadi: kadi moja, neno moja. Mbele andika sentensi nzima yenye pengo. Nyuma neno lenyewe, aina yake, mkazo, na maneno mawili matatu linayoandamana nayo. Matano hadi manane kwa siku yanatosha. Rudia baada ya siku 1, 3, 7, 14, 30. Ukilikosa, linaanza upya. Litaje kabla hujageuza kadi. Kusoma pande zote mbili huku unatikisa kichwa ni kujidanganya, na ndiko wengi wanakofia.

Wasimamizi, orodha isiyo na sentensi za mfano ifutwe tu.