Kwa baiskeli kutoka Tanga hadi Amani, kisha Korogwe: naomba ushauri wa njia na msimu

Mkazi wa Chumbageni

Asalaam aleikum ndugu zangu. Mimi na mpwa wangu tunakusudia kusafiri kwa baiskeli kutoka Tanga mjini hadi Muheza, kupanda kwa bonde la mto Sigi mpaka Amani, na kutoka huko kuteremka upande wa magharibi hadi bonde la Lwengera ili tutokee Korogwe. Wakati wa kurudi tungependa kupitia Segera na Hale. Barabara ya lami hadi Muheza tunaijua vizuri; tusichokijua ni sehemu iliyo juu ya Kisiwani, kwa kuwa huko tumewahi kupita tukiwa ndani ya gari, na aliye ndani ya gari haujui mlima.

Mpwa wangu ana baiskeli ya gia yenye tairi za inchi 26. Mimi nina Phoenix ya kawaida, isiyo na gia, yenye keria ya chuma ambayo imebeba magunia ya nazi miaka yote bila kulalamika. Naomba kujua kama Phoenix itafika Amani ikiwa na mzigo wa wastani, ni miezi gani inayofaa, taratibu za kuingia katika hifadhi ya msitu ya Amani zikoje, na kama njia ya kuteremkia magharibi inapitika kwa baiskeli.

Mstaafu wa Muheza

Waaleikum salaam, mwanangu. Nianze na mlima, maana ndio unaowababaisha wengi. Wajerumani walipotaka kushusha magogo kutoka misitu ya Usambara Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, walijenga reli ndogo kutoka Tengeni, ilikokutana na reli kubwa ya Tanga, na kuifikisha Sigi. Hapo Sigi wakaishia, na nyumba ya mkuu wa stesheni ingali imesimama langoni mwa hifadhi mpaka leo. Ukijua kwamba garimoshi halipendi mteremko mkali, umekwisha kuisoma ramani yote: kutoka Muheza hadi Sigi bonde linapanda kwa upole, lina vilima vya hapa na pale ambavyo Phoenix yako itavimudu, lakini kuanzia langoni hadi Amani ni jambo jingine kabisa. Langoni pako kwenye mita 450 hivi juu ya usawa wa bahari, Amani iko karibu mita 900, na umbali wa barabara kati yake ni kama kilomita 9. Maana yake ni kwamba katika kila mita 100 unapanda mita 5 kwa wastani, na kwenye kona wastani huo hausaidii kitu. Kwa baiskeli isiyo na gia utashuka na kusukuma, na sioni aibu yoyote katika hilo. Wachuuzi wa huku wanasukuma kila siku wakiwa na mikungu ya ndizi.

Kuhusu msimu nitasema kwa msisitizo zaidi. Msiende wakati wa masika, yaani Machi hadi Mei, wala msitegemee Oktoba hadi Desemba, ambapo vuli hunyesha atakavyo Mungu. Juni hadi Septemba ndiyo miezi yenu, na Januari na Februari pia inafaa kwa asiyeogopa joto la tambarare. Hata hivyo Amani hupata karibu milimita 1,900 za mvua kwa mwaka, na hakuna mwezi unaoweza kuapa kwamba hautanyesha. Ujenzi wa lami kutoka Muheza kuelekea Amani umekuwa ukifanyika kwa vipande, lakini mahali penye udongo mwekundu, mvua ya nusu saa tu inatosha kuufanya ujae kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu likatae kuzunguka. Mtu hukata kijiti, anakwangua, anapanda, na baada ya hatua chache anashuka tena kukwangua. Ikiwa mvua imenyesha usiku, subirini jua liupige udongo hadi saa nne asubuhi ndipo muondoke. Kuchelewa huko kunawaokoa muda.

Fundi wa Ngamiani

Namheshimu sana mzee wangu, na katika suala la mvua sina la kuongeza. Ila nadhani sote tunaangalia kupanda na kusahau kushuka, wakati kinachonipa wasiwasi katika maelezo ya ndugu wa Chumbageni ni breki. Phoenix nyingi zina breki za vyuma vya kuvuta, ambazo raba zake hubana upande wa ndani wa rimu. Kwa mjini zinatosha. Kwenye mteremko wa kilomita 9, ukiwa na mzigo kwenye keria, rimu ikiwa imelowa na ina chembe za mchanga, breki hizo zitakupunguzia mwendo lakini si lazima zikusimamishe. Utasikia sauti ya kusaga, na ukizitazama raba utakuta chembe ndogo zinazong'aa zimejikita ndani yake. Zichokoe kwa ncha ya kisu au sindano kabla ya kuendelea, maana zikibaki zinakula chuma cha rimu kama tupa. Badilisha raba zote nne kabla ya safari, na ubebe akiba.

Wakati wa kushuka, usishikilie breki muda wote. Bana, achia, bana tena, na ukiona kona, punguza mwendo kabla ya kuifikia, si ukiwa ndani yake. Weka mzigo mzito chini, pembeni mwa gurudumu, usiurundike juu ya keria kama gunia la nazi; mzigo wa juu unaivuta baiskeli ubavuni kila unapokata kona.

Kwa baiskeli ya kijana, aangalie meno ya gia. Akiwa na meno 28 au pungufu mbele kwenye gia ndogo, na 32 au zaidi nyuma, atapanda Amani akiwa ameketi. Akiwa na meno 42 mbele na 24 nyuma atasukuma sambamba na mjomba wake. Kuhusu vipuri, Phoenix inashinda: tyubu na spoku zake utazipata hata kwenye duka dogo la kijijini, lakini za inchi 26 zinunueni Tanga au Muheza. Bebeni solushani mpya pia, ile gundi ya kuzibia pancha, maana iliyokwisha kufunguliwa hukauka, na mtu huligundua hilo akiwa porini.

Mwalimu wa Magoma

Salaam kwenu. Nitajibu suala la magharibi peke yake. Usambara Mashariki na Usambara Magharibi zimetenganishwa na bonde la Lwengera, na ukuta wa milima unaoliangalia bonde hilo kutoka upande wa Amani ni mkali sana. Watu wanapita, lakini wanapita kwa miguu, kwenye vijia vyenye mizizi na mawe ambapo baiskeli yenye mabegi itakuwa mzigo wa kubebwa. Ushauri wangu ni kwamba mteremke kwa barabara ile ile mliyopandia, mrudi Muheza, kisha mwende Korogwe kwa chini. Mnaweza kufuata barabara kuu kupitia Hale na Segera, au kuulizia njia za mashambani za upande wa reli, zinazokaribia stesheni ya zamani ya Mnyuzi. Hizi za reli zina vumbi na kona za mashamba ya mkonge zinazofanana, hivyo ulizeni kila mnapokutana na mtu, lakini hazina malori. Barabara ya Segera ina mabasi yanayokwenda kasi na mabega yake mahali pengine ni membamba. Mimi binafsi nisingempitisha kijana hapo jioni.

Mkifika Korogwe, bonde la Lwengera lenyewe linastahili siku yake. Barabara ya kuja Magoma haina milima ya kutisha, inapita kati ya mkonge, mahindi na mpunga, huku Usambara zote mbili zikiwa zimesimama kulia na kushoto. Mawingu ya baharini hushusha sehemu kubwa ya mvua upande wa Amani, kwa hiyo huku ni pakavu na pana joto. Jazeni maji Korogwe, na mwendo wenu uwe wa asubuhi.

Mkazi wa Chumbageni

Nawashukuru sana. Njia ya magharibi nimeiacha, na raba za breki nitazibadilisha wiki hii. Limebaki suala la hifadhi na malazi. Je, inawezekana kuutanguliza mzigo Amani kwa basi, ili tupande tukiwa wepesi?

Mama wa Amani

Karibuni sana, kaka. Mzigo unaweza kutangulia. Kwa kawaida basi hupanda kutoka Muheza mchana na kushuka alfajiri, nawe ukumbuke saa hizo unapokuwa barabarani, kwa sababu kwenye kona nyembamba basi na baiskeli haviwezi kupishana bila mmoja kuingia majanini. Piga kengele kabla ya kila kona isiyoonekana mbele.

Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Kiingilio kinalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, hivyo simu zenu ziwe na chaji na salio kabla ya kufika langoni Sigi. Zipo nyumba za kulala wageni Sigi na Amani. Pigeni simu mapema, na mtaje kama mtahitaji chakula, kwa sababu hatupiki kwa kukisia. Ningewashauri mlale Sigi siku ya kwanza. Mtakuwa mmetoka Tanga kwa lami na joto, na kuanza kupanda alasiri mkiwa mmechoka ni kujitesa bure. Asubuhi msitu una ubaridi, mbega wako juu ya barabara, na kwenye miamba yenye kivuli karibu na maji mpwa wako ataweza kuliona lile ua la zambarau la Usambara ambalo Ulaya wanalifuga kwenye vyungu. Huku juu kaeni siku mbili, mtembee katika bustani ya mimea iliyoanzishwa mwaka 1902, baiskeli zipumzike.

Maji ya mto msiyanywe hivi hivi, hata kama yanaonekana safi. Ni kweli kwamba ninyi wa Tanga mnakunywa maji ya Sigi kila siku, lakini mnayapata yakiwa yamepita bwawa la Mabayani na mitambo ya kusafishia. Yachemsheni, au ombeni yaliyochemshwa nyumba yoyote, hamtanyimwa. Na kwa usiku wa Sigi na Muheza, vyandarua ni lazima, kwa sababu malaria ya tambarare ni kali kuliko ya huku mlimani.

Fundi wa Ngamiani

Nyongeza ndogo, kaka: mzigo ukitangulia kwa basi, zana na pampu zisitangulie nao.